Kiota cha mwaka jana si akiba ya ndege

Wengi wanaotundika masanduku ya viota bustanini nchini Uingereza huamini kwamba kiota kilichobaki hakifai kuguswa, eti ndege watarudi mwakani wakikute tayari. Dhana hiyo inatokana na huruma, lakini huwadhuru ndege wenyewe. Wale wadogo wenye utosi wa buluu na kifua cha manjano, ambao ndio wapangaji wakuu wa masanduku hayo, kwa kawaida hujenga upya kila msimu. Wanaofaidi tandiko kuukuu ni viroboto, ambao hujificha humo majira yote ya baridi, kisha huibuka joto linaporudi na kuwanyonya damu makinda ambao hata manyoya hawajaota.

Ukifungua kisanduku mwezi Oktoba utakuta nyasi, nywele na manyoya yaliyoshindiliwa, pengine na yai moja lisiloanguliwa. Ondoa vyote, mwagia maji yanayochemka, kisha uache kikauke kabisa. Dawa ya wadudu usitumie kamwe. Subira nayo ni lazima, kwa sababu sheria ya Uingereza ya kulinda wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, na kule England mayai yasiyoanguliwa huruhusiwa kuondolewa kati ya Septemba na Januari tu.