Theluji Inapoyeyuka Mlimani: Maswali na Majibu

Nimeshafika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895. Huu Mount Washington wa New Hampshire, Marekani, mita 1,917 tu, utanitisha nini?

Kimo hakitakusumbua. Kitakachokusumbua ni maji. Aprili theluji inayeyuka na kulowesha viatu, jasho linalowesha fulana, kisha mvua ya nyuzi 3 inamalizia palipobaki pakavu. Baridi ya Januari watu huivalia; ya Aprili huwakuta na jinzi, kwa sababu mjini jua linawaka. Upepo nao usiusahau: tarehe 12 Aprili 1934, kituo cha hali ya hewa kilichoko kileleni kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa.

Nivae nini basi?

Pamba iache nyumbani. Ikilowa haikauki, inakunyonya joto. Vaa sufu au poliesta mwilini, juu yake koti lisilopitisha maji wala upepo, na soksi za akiba uzifunge kwenye mfuko wa plastiki. Anza safari ukisikia kibaridi kidogo. Ukianza na joto, nusu saa tu umeloa jasho.

Nitajuaje mwenzangu amezidiwa na baridi?

Usimuulize hali. Atajibu "sijambo", ndivyo tulivyolelewa. Mtazame mikono. Anahangaika na zipu kama mtoto, glavu imemwanguka hana habari, anajikwaa pasipo na jiwe, ulimi mzito kama wa mlevi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ubongo nao hulegea, kwa hiyo mwenyewe hatambui. Akitetemeka, mwili bado unapigana. Akiacha kutetemeka na hajapata joto, hiyo ni dharura: piga 911, namba ya dharura ya Marekani.

Mkisubiri, mtoe upeponi, mkalishe juu ya mkoba na si juu ya theluji, mvue vilivyolowa, mvishe vikavu, mfunike pamoja na kichwa. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe chai ya vuguvugu yenye sukari nyingi. Pombe hapana. Kumsugua mikono na miguu pia hapana, na mkimsogeza iwe taratibu: moyo uliopoa huvurugika upesi.

Kwa nini tunahimizwa kushuka mapema?

Asubuhi theluji ya njiani imeganda, unapita juu yake na vyuma vya meno chini ya viatu. Saa saba mchana imelainika: hatua moja, mguu umezama hadi pajani, goti limejipinda. Kijito ulichokiruka asubuhi nacho kimejaa, maana jua ndilo linalokijaza. Kikifika magotini na kinakwenda kasi, usivuke.

Na kupe, kwenye baridi hii?

Wapo. Kupe wa kulungu, wanaoeneza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme, huanza kutembea joto likipita nyuzi 4 hivi. Ukirudi jikague kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, na watoto wakague nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Mambo ya mafuta ya taa na kiberiti achana nayo. Ukiona wekundu unaotanuka au ukipata homa kati ya siku ya 3 na ya 30, nenda kwa daktari umwambie ulipanda mlima gani, na lini.