Je, wajua? Kemikali ya kitunguu inaweza kuzuia seli ya mafuta isikomae maabarani

Chemsha maganda makavu ya kitunguu maji, maji yatageuka manjano iliyokolea. Sehemu ya rangi hiyo ni kwesetini, kemikali ambayo kitunguu huilimbikiza zaidi kwenye tabaka za nje, zile tunazozimenya na kuzitupa. Sukuma wiki nayo inayo.

Seli ya mafuta haianzi ikiwa imenona. Huanza ikiwa changa, nyembamba, haina tone ndani. Homoni kama insulini zikiiashiria, protini iitwayo PPAR-gama huamka na kuwasha jeni za kuhifadhi mafuta. Matone ya mafuta hujitokeza ndani, yanaungana, mwishowe kiini cha seli husukumwa pembeni kama abiria wa daladala iliyojaa.

Safari hiyo huonekana vizuri maabarani. Miaka ya 1970 huko Marekani, Howard Green na wenzake walipata seli za panya zinazoitwa 3T3-L1, ambazo zikipewa insulini na dawa nyingine mbili hunenepa ndani ya wiki moja au mbili. Ukizitia rangi maalumu, matone yanakuwa mekundu, kama mawese yanayoelea juu ya mchuzi. Sasa ongeza kwesetini tangu mwanzo: wekundu unapungua. PPAR-gama imeshuka, na kimeng'enya AMPK, kinachoiambia seli kuwa nishati ni haba, kimeamshwa.

Basi tule vitunguu tukonde? Taratibu. Kwenye kisahani cha maabara seli zinaogelea ndani ya kwesetini. Mwilini, utumbo na ini huibadilisha kwanza, na inayobaki kuzunguka kwenye damu ni kidogo mno ukilinganisha na ile ya kisahani. Anayekuuzia vidonge vya kukondesha kwa picha za seli za panya amekurukisha hatua hiyo.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walikadiria umri wa seli za mafuta za binadamu kwa kutumia kaboni iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Walikuta kwamba kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya seli hizo hufa na kuzaliwa upya kila mwaka, lakini idadi yake haibadiliki sana. Hata waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua uzito sana, miaka miwili baadaye walikuwa na seli zilezile kwa idadi, ila zimesinyaa. Yaani walikonda kwa seli kusinyaa, si kwa idadi yake kupungua.