Kwa nini bei ya karafuu ya Pemba hutegemea wavuta sigara wa Java?

Ukimuuliza mtu wa mwambao karafuu ni ya kazi gani, atakutajia pilau, chai ya viungo na dawa ya jino. Majibu hayo ni sahihi kwa jiko lake, ila humpotosha anayetaka kuuelewa uchumi wa Pemba, kwa sababu sehemu kubwa ya karafuu inayovunwa duniani hailiwi wala haitibu chochote: huchomwa moto. Indonesia, inayowazidi mbali wazalishaji wengine wote, hutumia sehemu kubwa ya karafuu yake katika sigara za kreteki, ambazo kwa desturi huchanganya takriban theluthi mbili za tumbaku na theluthi moja ya karafuu iliyokatwakatwa. Sufuria la pilau la kulisha nyumba nzima huridhika na chembe chache, na pakiti iliyonunuliwa sokoni hukaa kabatini miezi. Mvutaji wa Java, kisiwa cha Indonesia, humaliza pakiti yake ya sigara leo na kesho akarudi dukani. Ndiyo maana mzalishaji mkubwa kuliko wote amewahi pia kuwa mnunuzi mkubwa, na mkulima wa Wete au Mkoani huinuliwa au kuangushwa na mtu ambaye huenda hajawahi kulisikia jina la Pemba.

Kudhani kwamba karafuu ni kiungo cha chakula kwanza kuna madhara yake, kwani mazungumzo kuhusu kuporomoka kwa zao hili huishia nyumbani. Hutajwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo kwa miongo limekuwa mnunuzi pekee anayeruhusiwa na sheria na ambalo kwa muda mrefu liliwalipa wakulima sehemu ndogo ya kile lilichokipata nje. Hutajwa mikarafuu iliyozeeka bila kupandwa mingine, na hutajwa magendo. Hakuna lililo uongo katika hayo. Hata hivyo, sera ya Zanzibar iliweza kuamua mkulima apate fungu gani la bei. Bei yenyewe ilikuwa ikitengenezwa kwingine.

Historia ina kichekesho chake. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, nao ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar imekuwa zaidi karafuu ya Pemba. Mwishoni mwa karne hiyo sigara za karafuu zilianza kutengenezwa Kudus, katika kisiwa cha Java, na viwanda vilipokua, mavuno ya huko hayakutosha. Nchi ulikozaliwa mti ikawa inaagiza karafuu kutoka Zanzibar.

Kinachohitaji subira ni mwenendo wa bei. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka kama sita hadi minane, huchukua muda zaidi kufikia mavuno kamili, kisha huendelea kuzaa kwa miongo mingi. Anayepanda kwa kuvutiwa na bei ya leo yuko hivi: tuseme tangazo la kazi yenye mshahara mnono limebandikwa mtaani, na mzazi anapolisoma anamwandikisha mwanawe darasa la kwanza kwa matumaini ya kazi hiyo. Mtoto atahitimu, lakini nafasi itakuwa imejazwa zamani. Tena wazazi wote wa mtaa walilisoma tangazo lile lile, kwa hiyo wahitimu watamiminika kwa pamoja na mshahara utashuka. Wazazi watakaofuata wataikwepa fani hiyo, hadi uhaba uzuke na tangazo jipya, lenye mshahara mnono zaidi, libandikwe. Kila mmoja alifuata ishara aliyoiona, na bado wote walifika wakati usiofaa. Mkarafuu umezidiwa hata na mhitimu huyo, kwa kuwa hauwezi kubadilisha fani: utazaa karafuu mwaka ambao hakuna anayeitaka.

Katika miaka ya 1970 Indonesia ilipanda mikarafuu kwa wingi ili ijitosheleze, na miti hiyo ilipokomaa katika muongo uliofuata, soko kuu la Zanzibar lilikauka na bei ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Rais Suharto ilikikabidhi ununuzi wa karafuu yote chombo kimoja, BPPC, kilichoongozwa na mwanawe Tommy, hivyo kwa muda Bahari ya Hindi ikawa na mnunuzi pekee kila upande. Wakulima wa Indonesia walilipwa kidogo, wengi wakatelekeza mashamba au kukata miti, na mwaka 1998 chombo hicho kikavunjwa chini ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miti iliyokatwa hairudi kwa amri. Miaka michache baadaye bei ya dunia ikapanda ghafla, na Pemba ikafaidika na kosa ambalo haikulitenda.

Upande wa nyumbani, badiliko kubwa lilikuja mwaka 2011, Zanzibar ilipoamua kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na kwa misimu kadhaa kilo ya daraja la kwanza ililipwa shilingi 14,000. Kabla ya hapo magunia yalivushwa usiku kwa mashua hadi pwani ya Kenya, ambako bei ilikuwa nzuri zaidi. Inaaminika kwamba bei mpya ilipunguza magendo, na ni hoja ya busara. Lakini takwimu za magendo kwa asili yake ni makisio, na mkarafuu una miaka ya neema na miaka mikavu, kwa hiyo ongezeko la karafuu iliyouzwa ZSTC katika msimu mmoja halithibitishi mengi.

Ugumu mwingine ni mikono. Karafuu ni tumba la ua, nalo lazima lichumwe kwa mkono, juu mtini, linapoanza kugeuka wekundu na kabla halijafunguka. Baada ya kuchambuliwa huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa hadi chembe ikikunjwa ivunjike, na kilo kama tatu mbichi hubaki moja. Vikonyo havitupwi: hivyo, viitwavyo makonyo, hupelekwa kiwanda cha mafuta cha Wawi, Pemba. Kazi hii hushindana na mishahara ya hoteli, na utalii, ambao sasa ndio mwingizaji mkuu wa fedha za kigeni Zanzibar, umekusanyika Unguja, hasa Nungwi na Paje, zaidi kuliko Pemba. Kijana anayevuka kwenda huko huacha pengo mtini.

Kuhusu soko lenyewe, Marekani ilipiga marufuku sigara za karafuu mwaka 2009 huku ikiziacha za mentholi, na Indonesia ilishinda rufaa ya shauri hilo katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2012. Kwa Pemba uzito wake ulikuwa mdogo, kwa kuwa kreteki nyingi huvutwa Indonesia kwenyewe. Uzito zaidi uko kwenye ushuru wa tumbaku wa nchi hiyo, ambao katika miaka ya karibuni umepandishwa mara kwa mara, na huenda ukawa umebadilishwa tena mara kadhaa kabla miche inayogawiwa wakulima wa Pemba haijatoa tumba la kwanza.