Uzalishaji wa Pamoja wa Silaha: Maana Yake

Uzalishaji wa pamoja wa silaha ni mapatano ambayo kwayo nchi inayonunua silaha kutoka kwa mshirika wake hupewa pia sehemu ya kazi ya kuziunda, ili fedha za walipa kodi wake zisiishie zote katika viwanda vya ng'ambo. Haufanani na fidia ya kibiashara, ambapo muuzaji huweza kumridhisha mnunuzi kwa kununua kwake bidhaa zisizohusiana na silaha hizo hata kidogo.

Mfano ulio wazi ni ndege ya kivita ya F-16. Mwaka 1975 Ubelgiji, Uholanzi, Denmark na Norway, zote wanachama wa NATO, zilikubaliana kuinunua kwa pamoja kutoka Marekani, zikapanga kuchukua ndege 348. Kampuni za nchi hizo ziliahidiwa kazi yenye thamani ya asilimia 40 ya ndege zao wenyewe, asilimia 10 ya ndege 650 zilizokusudiwa jeshi la anga la Marekani, na asilimia 15 ya zile ambazo zingeuzwa kwa mataifa mengine. Naona kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa cha werevu zaidi, kwa kuwa kila mteja mpya wa Marekani aligeuka kuwa riziki ya fundi wa Ulaya. Ndege ziliunganishwa Gosselies, Ubelgiji, na Schiphol, Uholanzi, badala ya zote kutoka kiwanda cha Fort Worth, Marekani.

Gharama, bila shaka, ilipanda, kwani mitambo iliyotosha kuwekwa mahali pamoja iliwekwa patatu. Serikali hizo zilikubali kulipa ziada hiyo kwa ajili ya ajira, ujuzi na uwezo wa kuzitengeneza ndege zao zenyewe.

Mpango wa F-35, ndege ya kivita ya Marekani ya kizazi kipya zaidi, uliacha utaratibu huo: hakuna nchi iliyohakikishiwa fungu, bali kampuni hushindana kwa bei na ubora. Hata hivyo utegemezi haukupungua. Uturuki, iliyokuwa ikitengeneza vipuri zaidi ya 900 vya ndege hiyo, iliondolewa katika mpango mwaka 2019 baada ya kupokea makombora ya kujihami ya S-400 kutoka Urusi. Lakini viwanda vyake viliendelea kutoa vipuri kwa muda, kwa sababu kiwanda cha kushika nafasi yake hakipatikani kwa siku moja.