Picha Haina "Eti": Kilichoikwaza Filamu ya The Girl on the Train

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya filamu, hasa ile inayotokana na riwaya pendwa. Kabla mwandishi hajaanza kuigeuza sura ya kwanza kuwa onyesho, huwa nachukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila "labda", "huenda", "nadhani", "kama sikosei" na "eti" iliyomo kitabuni. Ni maneno madogo, lakini ndiyo yanayobeba shaka ya msimulizi, na kamera haina namna ya kuyatamka. Ukimwonyesha mwanamke akirusha sinia ukutani, mtazamaji ameshamwona akirusha. Huwezi kubandika "eti" juu ya picha. Ninapowaeleza waandishi chipukizi jambo hili, mfano ninaourudia ni The Girl on the Train, filamu ya taharuki ya kisaikolojia iliyoongozwa na Tate Taylor na kutoka mwaka 2016. Si filamu mbovu. Ni ya wastani, na wastani wake una sababu ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole. Nitalazimika kufichua mwisho wa kisa, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu aitazame kwanza.

Riwaya yenyewe iliandikwa na Paula Hawkins, aliyezaliwa na kukulia Harare, Zimbabwe, kabla ya kuhamia London akiwa na umri wa miaka 17. Ilichapishwa Januari 2015 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala. Mhusika mkuu, Rachel, ni mlevi aliyeachika na kufukuzwa kazi, ambaye bado hupanda treni kila asubuhi kwenda Euston, stesheni ya jijini London, ili rafiki anayemhifadhi asijue kwamba hana tena ofisi ya kwenda. Treni hiyo husimama mara kwa mara penye taa ya ishara yenye hitilafu, nyuma ya nyumba za mtaa aliokuwa akiishi zamani. Hapo mume wake wa zamani, Tom, anaishi na mke mpya, Anna, pamoja na mtoto wao, na nyumba chache kutoka kwao anaishi Megan, mwanamke ambaye Rachel humtazama dirishani na kumtungia maisha ya furaha. Kisha Megan anatoweka, usiku uleule ambao Rachel alikuwa mtaani humo akiwa amelewa chakari, na kesho yake anaamka na damu mwilini pasipo kukumbuka lolote.

Hawkins aliwagawia usimulizi wanawake watatu, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza, kila kipande kikiwa na tarehe na kuonyesha kama ni asubuhi au jioni. Sehemu za Rachel zinaanza Julai 2013, ilhali za Megan zinaanza mwaka mmoja nyuma, hivyo msomaji hulazimika kurudi kurasa kadhaa kuhakikisha nani alikuwa wapi lini. Kazi hiyo ya kulinganisha tarehe ndiyo nusu ya taharuki ya kitabu. Filamu inajaribu kuihifadhi kwa kuandika kwenye skrini majina ya wanawake hao na miezi iliyopita, lakini mtazamaji aliyeketi gizani hana ukurasa wa kurudia, na matokeo yake ni kwamba katika nusu saa ya kwanza watu wengi huhangaika kujua wako wakati gani badala ya kuhofia kitakachotokea.

Hilo hata hivyo ni dogo. Kubwa linahusu kumbukumbu. Mtu anapokunywa pombe nyingi kwa haraka, ubongo wake unaweza kuacha kabisa kuhifadhi kumbukumbu mpya huku yeye akiendelea kutembea, kuzungumza, hata kugombana. Anapoamka, saa zile hazijafichika mahali fulani zikisubiri kufunguliwa, hazikuwahi kuandikwa. Hali ikiwa nyepesi kidogo hubaki vipandevipande, na hivyo vinaweza kurudi mtu akikutana na harufu, sauti au mahali palepale. Sasa fikiria ndoa ambamo mmoja hulewa kiasi hicho na mwenzake hulala akiwa timamu. Asubuhi anayejua kilichotokea ni mmoja tu. Tom humwambia Rachel alivyowaaibisha mbele ya watu, alivyofanya fujo, alivyovunja vitu, naye Rachel huomba radhi kwa matendo ambayo hakuyaona. Uovu wote wa Tom, anayemtungia mengi ya hayo, umekaa humo. Maisha ya Rachel anayajua kwa "eti" ya mume wake.

Kitabuni hili linawezekana kwa sababu Rachel anapoandika kwamba alifanya fujo, msomaji anasikia sauti ya mtu anayerudia alichoambiwa, na akirejea baadaye anaiona nyufa iliyokuwapo tangu mwanzo. Filamu inachukua matukio hayohayo na kuyaonyesha kwa mbinu rejeshi. Tunamwona Rachel kwenye sherehe nyumbani kwa bosi wa Tom, macho yamelegea, akirusha chakula. Kuanzia hapo maneno ya Tom yamegeuzwa kuwa ushahidi, na kamera ndiyo iliyoutoa. Filamu inapokuja kutuonyesha sherehe ileile kwa namna nyingine, hatumkasirikii Tom peke yake. Tunaikasirikia pia filamu, kwa kuwa ndiyo iliyotudanganya.

Tatizo hili si geni. Mwongozaji Alfred Hitchcock alifungua filamu yake Stage Fright, mwaka 1950, kwa tukio la nyuma ambalo baadaye linabainika kuwa uongo wa mhusika, na watazamaji wengi waliona wamechezewa. David Fincher alipoiongoza Gone Girl mwaka 2014, kwa muswada ulioandikwa na mwenye riwaya mwenyewe, Gillian Flynn, uongo ulikuja ukiwa kurasa za shajara zinazosomwa kwa sauti ya mhusika aliyeiandika. Uongo huo ulikuwa na mwenyewe, na hiyo ndiyo "eti" ambayo picha peke yake haiwezi kuitamka.

Lipo onyesho moja ambamo filamu ya Taylor inafanikiwa kabisa, na nawasihi wanaojifunza kazi hii walitazame zaidi ya mara moja. Rachel anakutana ndani ya treni na Martha, mke wa yule bosi, anayeigizwa na Lisa Kudrow. Anamwendea kuomba radhi kwa aibu ya siku ile. Martha anashangaa. Anamwambia hakufanya kosa lolote, alijisikia vibaya tu akaenda kulala katika chumba cha wageni, na kwamba Tom alifukuzwa kazi kwa sababu ya uzinzi wake mwenyewe kazini. Wanawake wawili wanazungumza, basi. Kamera inabaki usoni mwa Emily Blunt, anayeigiza Rachel, na katika uso huo unaona miaka ya hatia ikianza kumeguka, mwanamke akiwa haamini bado kwamba anaruhusiwa kuamini. Neno la Martha limekabiliana na neno la Tom, na mtazamaji anapima mwenyewe. Laiti filamu nzima ingejengwa hivyo! Lakini sekunde chache baadaye tunarudishwa kwenye picha za kumbukumbu, safari hii zilizosahihishwa, kana kwamba uso ule haukutosha.

Kuhamisha kisa kutoka viunga vya London hadi kando ya mto Hudson, karibu na New York, kumelaumiwa sana. Mimi naona hasara yake moja tu: nyumba za filamu ni za kifahari mno, na ule unyonge wa kuchungulia jiko la mtu wa kawaida umepotea. Blunt aliteuliwa kuwania BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa uigizaji wake, naye alistahili. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 45 iliingiza zaidi ya dola milioni 170, kwa hiyo watayarishaji hawakuwa na la kulalamika.

Mwishoni, baada ya kubainika kwamba Tom ndiye aliyemuua Megan, Rachel anamchoma Tom shingoni kwa kizibuo cha mvinyo. Anna anatoka nyumbani, anamwinamia mumewe, mkono wake unakishika kizibuo, na anakizungusha kiingie zaidi. Katika tendo hilo hakuna kumbukumbu ya kusahihishwa wala mtu wa kutuhadithia. Kamera inautazama mkono unaozunguka, nasi tunaamini tunachokiona.