Kipanga bustanini: watu wanavyosema na ilivyo kweli

Jana asubuhi nimetoka nje nakuta manyoya ya njiwa yametapakaa kwenye nyasi, karibu duara kabisa, jirani akachungulia akasema "paka huyo". Haya, tuanzie hapo hapo. Okota unyoya mmoja uangalie shina lake kule chini, likiwa zima mpaka nchani basi mara nyingi ni ndege, amenyonyoa kwa mdomo, paka yeye anatafuna kwa hiyo mashina yanakuwa yamekatika na manyoya yameshikana kwa mate. Ya jana yalikuwa mazima yote.

"Basi ni mwewe." Yaani kila ndege mwenye kucha kali sisi ni mwewe tu! Mwewe ni yule mwenye mkia wa panda, anazunguka juu anatafuta mizoga na vifaranga. Huyu anayekimbiza ndege katikati ya miti ni kipanga, mabawa mafupi mkia mrefu, anakata kona utadhani pikipiki. Kozi naye ni mwingine, anashuka toka juu angani kwa spidi inayopita kilomita 300 kwa saa, sasa bustani yako na miti yake aifanyie nini.

Halafu kuna hii inayonichosha, ati vipanga wanamaliza ndege wadogo. Uingereza miaka ya 1950 na 60 dawa za mashambani kama DDT ziliwapukutisha vipanga, upande wa mashariki wakakaribia kuisha kabisa, na ndege wadogo hawakufurika kama watu wanavyodhani, na dawa zilipopigwa marufuku vipanga wakarudi taratibu. Piga hesabu mwenyewe: kuna ndege wadogo wanaotaga mpaka mayai 10 kwa mkupuo, na ili idadi isishuke wanatakiwa kubaki wawili tu wa kushika nafasi ya wazazi, hao wengine wangekufa tu, kwa njaa, magonjwa, paka, au kujigonga kwenye vioo vya madirisha. Wadogo wakipungua ni kipanga anayelala njaa.

"Hakosi huyo." Anakosa sana tu! Mara nyingi anapita kama mshale, ndege wanatawanyika, anaondoka mikono mitupu (au tuseme kucha tupu). Tatizo sisi tunakumbuka ile siku moja aliyopata. Na ndege wadogo wanapeana taarifa, kuna ile sauti nyembamba "siiii" halafu bustani nzima kimya, sauti yenyewe imekaa vibaya hata kipanga anashindwa kujua inatokea wapi.

Ila kwenye ukatili sitamtetea sana. Kozi anavunja shingo kwa mdomo kazi imeisha, kipanga anategemea miguu, anaminya, na wakati mwingine anaanza kunyonyoa mwenzie bado anapumua. Ni vibaya kutazama. Wa jana nadhani alikuwa jike maana jike ni mkubwa kuliko dume, njiwa anamuweza, dume anahangaika na shomoro.

Bundi wa plastiki wa kumtisha kipanga je? Hela ya bure, vipanga wanamzoea. Bora usogeze chakula cha ndege karibu na kichaka, ndege wadogo wapate pa kukimbilia.

Mchana nimerudi nakuta njiwa wawili pale pale, wanadonoa punje katikati ya manyoya ya mwenzao.