Je, wajua? Laisini haitibu mafua sugu ya paka

Ukiwa na paka anayepiga chafya mwezi baada ya mwezi, anayekoroma akilala na kuamka na tongotongo, hutakosa mtu wa kukwambia: mpe laisini. Mimi niliambiwa, nikaamini, na kwa karibu mwaka mzima nilimnyunyizia Kidoti unga huo mweupe juu ya samaki wake asubuhi na jioni. Dada yangu ndiye aliyekuwa akiniletea kopo kutoka Muscat. Nikawashauri na wenzangu wafanye hivyo hivyo, jambo ambalo linaniuma zaidi kuliko pesa zilizokwenda. Kwa hiyo nalijibu hapa swali nililopaswa kuuliza kabla ya kufungua kopo la kwanza: laisini inadaiwa kufanya nini mwilini mwa paka, na je, kweli inakifanya?

Mafua yenyewe kwanza, kwa ufupi. Mengi huletwa na virusi vya aina mbili, herpesi ya paka na kalisivirusi, na vyote viwili havimpati binadamu. Herpesi ikishaingia haitoki. Hujificha kwenye neva ya uso na kulala humo hadi mnyama apatwe na msukosuko: kuhamishwa nyumba, kuletewa paka mgeni, kunyonyesha. Karibu wiki moja baadaye inaamka, na chafya zinarudi. Tena, ugonjwa ukiwa mkali utotoni hula vile vifupa vyembamba vilivyojikunja ndani ya pua, vinavyopasha hewa joto na kunasa vumbi. Vikishaharibika, kamasi hutuama na bakteria hupata makazi. Ndiyo maana wapo paka ambao pua zao haziachi kuziba hata virusi vikiwa vimelala fofofo.

Sasa laisini. Ni asidi amino, mojawapo ya matofali ya kujengea protini, na imo tele kwenye nyama na samaki. Hoja ya kuitumia kama dawa ilianzia maabara. Watafiti waliona kwamba virusi vya herpesi haviwezi kuzaliana bila asidi amino nyingine, arginini. Laisini na arginini hupita kwenye milango ileile ya kuingilia seli. Fikiria kivuko cha Kigamboni saa ya jioni: ukijaza gatini abiria wa ukoo mmoja, wa ukoo wa pili wataachwa ng'ambo. Mpe paka laisini nyingi, arginini itabaki nje, virusi vitakosa tofali muhimu, vitashindwa kujijenga. Hoja inavutia, na kwenye vyombo vya maabara ilionyesha dalili za ukweli, lakini pale tu arginini ilipokuwa imepunguzwa mno tangu mwanzo.

Hapo ndipo paka anapokuwa mnyama wa ajabu, na mimi sichoki kulieleza jambo hili.

Mwili ukiunguza protini hubaki na takataka yenye sumu inayoitwa amonia. Ini huizoa na kuigeuza kuwa yurea, kisha figo huitoa kwa mkojo. Chukulia kazi hiyo inafanywa na mikokoteni inayozunguka mtaani: unapakia amonia, unakwenda, unamwaga yurea, unarudi kupakia tena. Mikokoteni yenyewe hutengenezwa kutokana na arginini. Mwili wako wewe ukipungukiwa, utumbo wako una karakana inayoweza kuiunda kutokana na asidi amino nyingine. Karakana ya paka ni dhaifu mno. Mababu zake walikula nyama kila siku, na nyama haikosi arginini, basi hakuhitaji kuitunza. Pamoja na hayo, ini lake huunguza protini kwa kasi hata asipokula, halijui kubana matumizi kama la kwetu. Takataka inazalishwa usiku na mchana, na mikokoteni lazima iletwe na chakula.

Mwaka 1978 Morris na Rogers, wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kuwapa paka waliofunga usiku kucha mlo mmoja usio na arginini. Mlo mmoja tu. Ndani ya saa chache amonia ilipanda kwenye damu, paka wakatapika, wakatoka povu, wakakakamaa misuli.

Ukiyaweka haya mawili pamoja, hoja ya laisini inajifunga yenyewe. Ama inaizuia arginini, na hapo wa kwanza kuumia ni paka, si virusi. Ama haiizuii, na hapo haina kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha ni hili la pili: paka wazima walilishwa laisini mara nyingi kupita kiwango cha kawaida, na arginini katika damu yao haikushuka. Kivuko cha paka, kumbe, hakijai. Kwa hiyo sisemi kwamba kijiko cha laisini kitamuua paka wako. Nasema hakifikii kile tulichokuwa tukikilenga.

Majaribio kwa paka wenyewe yalianza kwa matumaini. Mawili madogo, la 2002 na la 2003, yaliona unafuu kidogo: macho hayakuwa mekundu sana, virusi vilivyotoka vilipungua. Kisha yakaja makubwa kwenye makazi ya paka wasio na wenyewe huko Marekani. Mwaka 2008, paka 291 waligawanywa, wengine wakapewa laisini na wengine wasipewe, hapakuonekana tofauti. Mwaka uliofuata, paka 261: waliolishwa chakula chenye laisini nyingi hawakupata nafuu, na katika vipindi fulani ndio waliougua zaidi. Mwaka 2015 Bol na Bunnik walikusanya tafiti zote wakashauri matumizi yakome. Kiasi cha haki ni kusema kwamba nyingi kati ya hizo zilihusu mafua ya ghafla. Paka wa nyumbani mwenye pua iliyoharibika kwa miaka hajachunguzwa sana.

Mbona basi Kidoti alipata nafuu? Kwa sababu herpesi huamka na kulala yenyewe. Mtu hukimbilia kopo siku chafya zimefika kilele, na kilele hufuatwa na mteremko, uwe na unga au usiwe nao. Nafuu niliiandikia laisini; chafya ziliporudi nililaumu mvua.

Vipo virutubisho vingine vinavyouzwa kwa ajili hii. Kuhusu bakteria rafiki wa tumbo, najua jaribio dogo la 2009 lenye paka 12, lililotoa dalili njema kidogo. Ni wachache mno kujengea hoja. Vya jikoni na dukani ndivyo vinavyonitia hofu. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mafuta ya karafuu, ya mkaratusi na dawa za kuchua kifua ni sumu kwake, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuyavunja kama letu. Panado hata kipande kinaweza kumuua.

Kinachosaidia hakina kopo la kuvutia. Mvuke, kwa mfano: ingia naye bafuni, funga mlango, acha maji ya moto yatiririke dakika kumi. Si nyungu: asifunikwe blanketi, na majani yasiwemo kabisa. Futa pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Chakula kipashwe moto kidogo ili kinukie, maana paka asiyesikia harufu hali, na paka akikaa siku mbili tatu bila kula ini lake huingia mafuta na maisha yake huwa hatarini. Punguza misukosuko. Chanjo hupunguza ukali ingawa haiviondoi virusi. Bakteria wakizidi, daktari wa mifugo huandika antibiotiki. Ikiwa ni kidonge cha doksisaiklini, kisindikizwe na maji, kikikwama huunguza koo. Dawa ya kupambana na herpesi yenyewe ipo, famusaikloviri, kwa kipimo cha daktari. Asaikloviri ya binadamu isiguswe, hudhuru uboho wa paka.

Na ukiona kamasi au damu inatoka tundu moja tu la pua, au uso umevimba upande mmoja, usihesabu tena kwamba ni mafua. Huenda ni jino lililooza mzizi, uvimbe, au unyasi ulionasa ndani, na hapo daktari anapaswa kuchungulia. Kidoti alichunguliwa mwaka jana. Ni vile vifupa, vimelika pande zote mbili. Anapata mvuke jioni na dagaa wa moto, bado anakoroma, na anamaliza bakuli.